Jinsi ya Kujitambua: Mwongozo Kamili kwa Anayetaka Kubadilika Kweli

Mwulize mtu yeyote kama anajijua, atakujibu bila kusita kwamba hakuna anayemjua kuliko yeye mwenyewe. Kisha waulize wanaoishi naye. Hapo ndipo utakapoelewa kwa nini wahenga walisema nyani haoni kundule. Mtu anaweza kuishi miaka hamsini akiamini ni mpole, na nyumbani kwake watoto wakisikia mlango unafunguliwa wanakimbilia chumbani.

Nimeona watu wengi wakianza safari ya kujitambua kwa kukaa peke yao na kujiwaza. Kukaa kimya kuna faida, ila peke yake hakutoshi, na mara nyingine kunampoteza mtu zaidi. Mwaka 1977 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Richard Nisbett na Timothy Wilson, walieleza jaribio dogo lililofanyika dukani. Wateja walionyeshwa jozi nne za soksi ndefu za kike zilizopangwa mezani, wakaombwa wachague iliyo bora. Jozi zote nne zilikuwa sawasawa kabisa. Hata hivyo, ile ya mwisho upande wa kulia ilichaguliwa mara nyingi kuliko nyingine. Walipoulizwa sababu, hakuna aliyetaja mahali ilipokuwa imewekwa, na walipoulizwa moja kwa moja kama mahali pangeweza kuwaathiri, karibu wote walikana.

Ndivyo tulivyo. Tunafanya jambo, halafu akili inatutungia sababu inayoeleweka, nasi tunaiamini kwa moyo wote. Kwa hiyo mwongozo huu hautakuambia ufumbe macho ujitafute ndani. Utakufundisha kukusanya ushahidi: ulichofanya, pesa zako zilikokwenda, mwili wako ulivyoshtuka, na wanachokiona wenzako. Unahitaji daftari la kawaida, kalamu, dakika kumi kila usiku, na wiki sita za uvumilivu.

Hatua ya kwanza: Chagua jambo moja tu

"Nataka kujitambua" ni nia nzuri isiyo na pa kushika. Chagua jambo moja linalokusumbua na linalojirudia. Jiulize: ni ugomvi gani umekuwa nao na watu tofauti, mahali tofauti, lakini maneno ni yale yale? Ni ahadi gani unajiwekea kila Januari na kuivunja kabla ya Pasaka? Ni sifa gani umeambiwa unayo na watu wasiofahamiana kabisa?

Ili tusizungumze hewani, tumchukue mtu wa mfano. Nimemtunga kwa ajili ya mwongozo huu, ingawa wapo wengi wa aina yake. Ni mama wa watoto wawili, mhasibu katika kampuni ndogo jijini Mwanza. Kila mwezi, ikifika tarehe 10, mshahara umekwisha. Ukimuuliza tatizo ni nini, atasema mshahara ni mdogo na maisha yamepanda. Pengine ni kweli. Jambo alilolichagua kulichunguza ni hili: "Pesa yangu inaisha mapema, na baada ya hapo nakuwa mkali nyumbani."

Hatua ya pili: Andika tukio siku hiyo hiyo

Hii ndiyo hatua yenye kazi kubwa kuliko zote, na ndiyo ambayo watu wengi huiruka.

Kila jambo ulilolichagua linapojitokeza, andika vitu vinne: kilichotokea, mwili wako ulivyokuwa, ulichosema au kufanya, na ulichokuwa unakitaka au kukiogopa wakati ule. Andika kabla hujalala, kwa sababu kufikia kesho utakuwa umeshajitungia hadithi nzuri. Hii ni karatasi ya mama yetu:

"Jumanne, saa nne asubuhi. Shemeji kapiga simu, anaomba laki moja ya ada. Kabla hajamaliza kusema, tumbo limeshajikaza na mabega yamepanda. Nimesema, 'Hamna shida shemeji, kesho natuma.' Nilitaka simu ikatike haraka. Niliogopa aseme nimebadilika tangu nipate kazi."

Linganisha na namna ambayo angeandika bila kufundishwa: "Leo shemeji kaniudhi tena. Watu wamezoea kunitegemea." Sentensi hizi mbili hazina ushahidi wowote. Zina hukumu, na hukumu yenyewe inamhusu mtu mwingine. Ukiona daftari lako limejaa majina ya watu na makosa yao, ujue umeacha kujichunguza, umeanza kuwachunguza majirani.

Zingatia sana sehemu ya mwili. Mara nyingi mwili hutoa taarifa mapema kuliko mawazo: koo kukauka, moyo kwenda mbio, taya kukaza, viganja kutoa jasho, usingizi mzito wa ghafla mchana mtu akitaja jambo fulani. Ukishaijua dalili yako, umepata kengele itakayokusaidia mbele ya safari.

Halafu ipe hisia jina lake. Siku hizi kila kitu kinaitwa stresi, na neno hilo limefunika mambo mengi yasiyofanana. Kiswahili kina hazina kubwa hapa: hasira, kinyongo, wivu, aibu, fedheha, woga, upweke, uchovu, majuto, unyonge. Mtu mwenye kinyongo anahitaji mazungumzo. Mwenye uchovu anahitaji kulala. Akiyaita yote stresi, atamgombeza mwenzake wakati alichohitaji ni usingizi. Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walionyesha kwa picha za ubongo kwamba mtu anapoitaja hisia kwa neno, amigdala, sehemu ya ubongo inayohusika na tahadhari na woga, hupunguza shughuli zake. Kuitaja hisia kwenyewe kunaanza kuituliza.

Mambo mazito, kama msiba, kuachwa, au kudhulumiwa utotoni, yana utaratibu wake. James Pennebaker na Sandra Beall, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1986, waliwaomba wanafunzi wa chuo waandike kwa dakika 15 kila siku, siku nne mfululizo. Walioandika kuhusu tukio lililowaumiza, wakiunganisha kilichotokea na walivyojisikia, walikwenda zahanati ya chuo mara chache zaidi katika miezi iliyofuata. Lakini mara tu baada ya kuandika walikuwa wanajisikia vibaya zaidi, si nafuu. Kwa hiyo usiandike mambo ya aina hiyo dakika chache kabla ya kuingia kazini, wala usiku wa manane ukiwa peke yako. Na ukiona umezidiwa katikati, acha.

Jambo moja la kivitendo ambalo miongozo mingi hailigusi: siri. Wengi wetu tunaishi nyumba zenye watu wengi, chumba kimoja watu watatu, na daftari halina kabati la kufungia. Ukiogopa kusomwa, utaandika uongo. Tumia herufi moja badala ya majina, acha daftari kazini kwenye droo yenye ufunguo, au andika kwenye simu yenye nywila. Ukishindwa kabisa, andika, soma, kisha chana. Bado itakusaidia, ila utakosa nafasi ya kurudi nyuma na kulinganisha.

Hatua ya tatu: Fuata pesa na muda

Kabla hujafungua chochote, andika vitu vitatu unavyosema ni muhimu kuliko vyote maishani mwako. Mbele ya kila kimoja, kisia umetumia shilingi ngapi na saa ngapi kwa ajili yake katika miezi mitatu iliyopita. Usibadilishe makisio hayo tena.

Sasa omba taarifa ya miamala ya miezi mitatu, ya M-Pesa, Airtel Money, benki, au vyote unavyotumia. Kaa chini na kalamu mbili za rangi tofauti. Rangi moja ni ya pesa iliyokwenda kwenye vitu vyako vitatu. Ya pili ni ya pesa uliyotoa kwa kuogopa kuonekana vibaya. Zilizobaki, kama nauli, umeme na chakula, ziache.

Mama wa Mwanza aliandika watoto, kiwanja, na mama yake mzazi aliyeko kijijini. Taarifa ilimwonyesha jambo jingine. Katika miezi mitatu, mama mzazi alipata elfu thelathini. Kamati ya harusi ya mfanyakazi mwenzake, ambaye hawajawahi hata kula pamoja, ilipata laki moja, kwa sababu majina na ahadi za michango vilikuwa vinabandikwa kwenye kundi la WhatsApp na watu wote walikuwa wanaona. Sendofu mbili na kicheni pati moja zilichukua zaidi ya alichoweka kwenye kiwanja.

Kuchangia harusi si kosa. Ni sehemu ya kuishi na watu, na siku moja na wewe utachangiwa. Ninachotaka ukione ni tofauti kati ya unachosema ni muhimu na kinachoiongoza mikono yako. Tofauti hiyo ikiwa kubwa, umepata jambo la kufanyia kazi.

Fanya hivyo hivyo kwa muda. Simu nyingi zina sehemu katika mipangilio inayoonyesha umetumia saa ngapi kwenye kila programu. Isome, iandike, endelea.

Hatua ya nne: Waulize watu, na uwaulize vizuri

Mwaka 1955 Wamarekani wawili, Joseph Luft na Harrington Ingham, walichora mraba wenye vyumba vinne unaoitwa dirisha la Johari. Chumba cha kwanza kina yale unayoyajua kukuhusu na wengine wanayajua. Cha pili, unayoyajua wewe na umewaficha. Cha tatu, wanayoyajua wengine na wewe huyajui. Cha nne hakuna ayajuaye bado. Daftari na taarifa za miamala zinakusaidia katika vyumba vingi, lakini chumba cha tatu hakifunguki kutoka ndani. Lazima mtu akufungulie.

Jamii zetu zililijua hili zamani na zikaweka watu maalumu wa kazi hiyo. Pwani, mwari ana somo au kungwi wake, ambaye kwake hakuna la kuonewa haya. Bara kuna watani. Mpare anaweza kumwambia Mchaga, na Mchaga akamjibu Mpare, maneno ambayo yakitoka kwa mtu mwingine yangeleta ugomvi. Msibani mtani huigiza hadharani tabia za marehemu, na watu wakacheka huku wakilia, kwa sababu ni kweli tupu. Ukiwa na mtani wa kweli, usimpuuze anapokukejeli. Nenda nyumbani uandike alichosema.

Chagua watu watatu wanaokuona katika mazingira tofauti: mmoja wa nyumbani, mmoja wa kazini, mmoja wa kanisani, msikitini au kwenye kikoba. Usimchague unayemlipa mshahara, kwa sababu hatakuambia kweli. Wala usimuulize mwenza wako katikati ya ugomvi, maana atakuambia kweli pamoja na mengine.

Usiulize "unanionaje?" Utajibiwa "uko vizuri tu." Uliza juu ya tukio au dalili: "Nikikasirika, unajuaje kabla sijasema?" "Kuna siku ulikuwa na jambo ukaamua usiniambie? Nilikuwa nimefanya nini?" "Ni kitu gani kimoja nikikipunguza, kazi yako na mimi itakuwa rahisi?"

Mama yetu alimuuliza mdogo wake anayeishi naye, jioni, wakichambua mchicha:

"Mdogo wangu, nikuulize kitu, usinionee haya. Nikishaombwa hela, nakuwaje?"

"Nikwambie kweli, dada?"

"Niambie."

"Unakubali vizuri tu, kwa sauti ya upole. Halafu humu ndani hatuongei mpaka kesho yake. Hata watoto wameshajua. Wakikukuta umenuna wananiuliza, mama katuma hela tena?"

Hapo ndipo palipo pagumu kuliko hatua zote. Ulimi utataka kujitetea: "Na nyie mngekuwa mimi je?" Ukisema hivyo, mlango umefungwa, na hautafunguliwa tena kwa muda mrefu. Una sentensi mbili tu za kusema: "Nipe mfano mwingine" na "Asante kwa kuniambia." Andika maneno yake kama yalivyotoka. Usiyajibu kwa siku mbili, hata kwa mzaha.

Kwa mtu mzima aliyekuzidi umri, utaratibu unabadilika. Nenda kwake kumsalimia, shikamoo yako iwe ya kukaa, si ya kupita. Mwombe akukumbushe ulivyokuwa ulipokuwa mdogo na nini kimebadilika. Atazungumza kwa mafumbo na atazunguka. Mwache azunguke, kisha umwombe kwa adabu akutajie siku moja aliyoliona jambo hilo.

Mtu mmoja akisema jambo peke yake, liweke pembeni, huenda ni lake. Watu wawili wasiojuana wakisema lile lile, lichukue kuwa la kweli mpaka uthibitishe vinginevyo.

Hatua ya tano: Punguza "kwa nini", ongeza "nini"

Kumbuka wale wateja na soksi. Swali la "kwa nini mimi niko hivi?" ndilo linaloialika akili itunge hadithi: nimelelewa vibaya, nina damu ya babu, nyota yangu ndiyo hiyo. Jibu linaweza kuwa na ukweli ndani yake, lakini kwa kawaida halikupi la kufanya kesho asubuhi.

Baada ya wiki mbili za kuandika, soma kurasa zako na uulize: Ni nini kilitangulia kila mara? Nilikuwa nataka nini? Nililipia nini baadaye? Na swali ambalo mimi naliona ni kubwa kuliko mengine: nilipata nini kwa kufanya hivyo? Tabia inayojirudia kwa miaka inakulisha kitu, hata kama inakuumiza. Mama wa Mwanza, akisoma kurasa zake, aliona kwamba kila "hamna shida" ilimpa jambo moja: kuitwa mtu wa watu. Sifa hiyo alikuwa anainunua, na waliokuwa wanailipia ni watoto, kwa kununiwa. Mshahara wake bado ni mdogo. Ila sasa ana mambo mawili ya kushughulikia, na moja liko mikononi mwake.

Hatua ya sita: Hesabu ya usiku

Waislamu wanaita muhasaba. Mwanazuoni al-Harith, mzaliwa wa Basra aliyefariki Baghdad mwaka 857, alisisitiza sana kuihesabu nafsi mpaka akajulikana kwa jina la al-Muhasibi. Wakatoliki wanaufahamu uchunguzi wa dhamiri, na Ignasi wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti katika karne ya 16, aliufanya kuwa zoezi la kila siku. Asiye na dini anaweza kulifanya vilevile.

Dakika kumi zinatosha. Anza na jambo moja ulilolifanya vizuri leo, na ulitaje kikamilifu. Nafsi inayopigwa tu hujifunza kujificha. Kisha pitia siku tangu ulipoamka: ni wapi lile jambo lako lilijitokeza, na dalili ya mwili ilikuja lini? Maliza kwa kutaja saa ya kesho ambayo unatarajia lijitokeze tena.

Hatua ya saba: Badilisha kitu kimoja kidogo

Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia wa Ujerumani, alieleza mwaka 1999 kwamba mtu akipanga kwa sentensi ya "ikitokea hivi, nitafanya hivi", ana nafasi kubwa zaidi ya kutekeleza kuliko yule aliyeweka nia peke yake. Kengele ya mwili uliyoipata katika hatua ya pili ndiyo inayokuwa "ikitokea".

Mama yetu aliandika: "Nikisikia tumbo linajikaza simu ikiwa sikioni, nitasema: Nimekusikia shemeji, nipe mpaka kesho jioni niangalie nilivyojipanga." Hakuandika kwamba atakataa. Alijinunulia siku moja ya kufikiri, na kwa mtu aliyezoea kukubali papo hapo, hiyo ni hatua kubwa.

Jizoeze kuitamka sentensi yako kwa sauti kabla ya siku yenyewe, kwa sababu mdomo una mazoea yake. Na jiandae kwa maneno. Waliozoea hali yako ya zamani watasema umebadilika, una maringo, umejisahau. Baadhi yao wanakupenda kweli. Hiyo ni gharama ya kazi hii, na ni vema uijue kabla hujaanza, ili siku ikija usidhani umekosea njia.

Wakati wa kufunga daftari

Kuna kujichunguza, na kuna kujitafuna. Dalili za kujitafuna ni hizi: unaandika jambo lile lile kila usiku bila taarifa mpya, unalala ukiwa umechoka zaidi, na maneno yako yamekuwa matusi kwako mwenyewe. Susan Nolen-Hoeksema, mwanasaikolojia wa Marekani, alitumia miaka mingi akionyesha kwamba kuyarudiarudia mawazo ya namna hii huongeza huzuni badala ya kuipunguza. Ukifika hapo, funga daftari kwa wiki moja. Tembea, lima, pika na watu, fanya kazi za mikono.

Na kama huzuni, kukosa usingizi, au kutokuwa na hamu ya mambo uliyoyapenda kumeendelea kwa wiki mbili au zaidi, nenda hospitali. Hospitali za rufaa za mikoa Tanzania zina huduma za afya ya akili, na katika halmashauri kuna maafisa ustawi wa jamii. Yakikujia mawazo ya kujidhuru, usisubiri hata kesho: mwambie mtu unayemwamini, na muende pamoja siku hiyo hiyo.

Baada ya wiki sita

Tenga saa moja, usome daftari lote tangu ukurasa wa kwanza kwa mkupuo mmoja. Pigia mstari maneno yanayojirudia, na angalia kama dalili ya mwili unaigundua mapema zaidi kuliko mwanzo. Wiki ya kwanza wengi huigundua usiku, wakati wa kuandika. Kufikia wiki ya sita huigundua simu ikiwa bado sikioni. Kama nawe umefika hapo, chagua jambo la pili na uanze upya na hatua ya kwanza. Kama bado, baki na jambo hilo hilo, lakini ubadilishe ile sentensi ya "ikitokea".

Ikifika miezi mitatu, rudi kwa watu wako watatu. Usiwaambie unachojitahidi kubadilisha, maana watakupa jibu la kukutia moyo. Waulize swali lile lile ulilowauliza mwanzo, kwa maneno yale yale, kisha uyaweke majibu ya zamani na mapya kwenye ukurasa mmoja.